Bunduki na Nyumba Itakamolala



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Swali lililotufikia mara hii si katika yale tuliyoyazoea. Tumezoea kuulizwa habari za mirathi, za eda, za saumu ya mama anyonyeshaye na za mahari yaliyocheleweshwa. Safari hii ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani ambaye riziki ilimpeleka bara, anaishi Ruiru na mkewe na watoto wanne, na ana shamba dogo upande wa Thika anakofuga ng'ombe wa maziwa na mbuzi. Wezi wamemwingilia mara mbili usiku. Rafiki yake alimwonyesha bunduki ya kisasa ya kuwindia, ile inayojikoki yenyewe kila inapofyatuliwa, na moyo wake ukaipenda. Akatuuliza: je, bunduki hii inanifaa? Siku chache baadaye mkewe naye, kwa kupitia kwa mama wa nyumbani kwetu, akatuletea swali lake: je, mimi nina kauli yoyote katika jambo hili?

Tulipoyatazama maswali hayo mawili tuliyaona kuwa ni moja, na tukaona ni vyema tulijibu hapa, kwa kuwa familia zetu zilizohamia bara ni nyingi, na hofu ya usiku haimchagui mtu.

Msingi wa jibu letu ni huu. Chombo hakimfai mtu kwa uzuri wake peke yake. Humfaa kwa kazi atakayokifanyia, kwa mkono utakaokishika, na kwa nyumba itakamolala. Wauzaji wa silaha husema mengi juu ya chombo chenyewe, na husema machache juu ya mambo hayo matatu. Kwa hiyo tutakitaja chombo kwa ufupi, kisha tuyaendee hayo.

Bunduki ya zamani ya kuwindia humtaka mwenyewe aivute komeo kwa mkono baada ya kila risasi, ili ganda litoke na risasi nyingine iingie. Hii ijikokiyo yenyewe hutumia nguvu ya moshi wa baruti, au nguvu ya kurudi nyuma kwa bunduki, kuyafanya hayo yote. Mwenye kuishika hubonyeza kifyatulio tu, na kila akibonyeza hutoka risasi moja. Si rashasha, ambayo humimina risasi mfululizo maadamu kidole hakijaondolewa. Wala si jambo jipya kama watu wanavyodhani: kampuni za Remington na Winchester za Marekani ziliuza bunduki za kuwindia za namna hii tangu miaka ya 1900 na kitu, zaidi ya karne moja sasa. Faida zake zinajulikana. Risasi ya pili huwahi, na bega halipigwi sana. Hasara zake nazo zinajulikana: aghalabu ni nzito zaidi, hutaka kusafishwa kwa uangalifu zaidi, na ina tabia moja ambayo tutairejea, kwamba kila ikitoka risasi, nyingine hukaa tayari papo hapo bila ya mtu kuiweka.

Sasa tuitazame kazi. Bunduki hii jina lake ni ya kuwinda. Je, Ruiru na Thika kuna kuwinda?

Palikuwapo. Mwezi wa Aprili 1909 aliteremka Mombasa, katika bandari yetu hii, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit. Wakapanda reli kwenda bara, na wapagazi wengi waliowabebea mizigo walikuwa watu wasemao Kiswahili. Roosevelt alikuwa mgeni wa tajiri William Northrup McMillan katika shamba la Juja, ambalo liko kati ya Ruiru na Thika, na akawinda nyati katika shamba la Kamiti, si mbali na hapo. Baba na mwana, kwa hesabu yao wenyewe, waliua wanyama 512 katika safari ile, wengi wao wakipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. McMillan mwenyewe alizikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wakazi wa Thika huuona kila kukicha.

Basi mtu akisimama leo katika barabara kuu ya Thika, akatazama maghorofa ya Ruiru na Juja, vyuo, viwanda na ploti za futi 50 kwa 100, aelewe kwamba uwanja ule wa mawindo umekwisha. Na si majengo tu yaliyoumaliza. Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikatilia mkazo: kuwinda kwa starehe ni kosa, na kuwinda kwa ajili ya kitoweo pia ni kosa. Mnyama wa mwituni akiharibu shamba, wa kuarifiwa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na sheria hiyohiyo imeweka njia ya kudai fidia. Kwa hiyo anayenunua bunduki ya kuwindia akiwa Ruiru ananunua jembe mahali pasipo na shamba.

Hatusemi hivyo kwa kuwa kuwinda kwenyewe ni haramu. Sura ya Al-Maida imehalalisha mawindo, ikayazuia kwa aliye katika ihramu, na Mtume, rehema na amani zimfikie, alimfundisha Adiyy bin Hatim adabu zake: kulitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kutupa mshale, kula kilichotobolewa kwa ncha, na kuacha kilichouawa kwa kugongwa kwa ubapa au kilichoonekana kimezama majini. Risasi ilipozuka, wanavyuoni walihitilafiana. Ibn Abidin wa Damascus aliona kwamba huua kwa kishindo na kuunguza, hali Shawkani wa Yemen, waliyeishi zama moja, aliona kwamba hutoboa na kwa hiyo ni kama mshale. Wengi wa wanavyuoni wa leo wamelifuata hilo la pili. Ndugu zetu waishio katika nchi zenye kuruhusu uwindaji wanaweza kulitumia, ila nao wasidhani kwamba bunduki hii hukubaliwa kila mahali. Nchini Tanzania, wageni wanaokwenda kuwinda huambiwa mapema waziache nyumbani bunduki za namna hii. Jimbo la Pennsylvania huko Marekani lilizikataza kwa wawindaji miaka mingi, na mwaka 2017 likaziruhusu kwa wanyama wadogo tu, si kwa paa wakubwa.

Katazo hilo lina hekima inayokaribiana na mafundisho yetu. Tumeamrishwa kufanya wema hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Kwa mwindaji, wema huo umo katika risasi ya kwanza: asiipige mpaka awe na yakini. Mwenye risasi nyingine iliyokwisha kujipanga huingiwa na uvivu wa kulenga, akajisemea kwamba akikosa atarudia, na anayelipa gharama ya uvivu huo ni kiumbe kilichojeruhiwa na kukimbilia vichakani.

Kazi ya kuwinda ikiwa haipo, inabaki kazi ya kulinda, na hapa ndipo ndugu yetu alipotaka kutufikisha. Alitukumbusha hadithi kwamba aliyeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Hadithi ni sahihi, wala hatumlaumu mtu kwa kuipenda mali aliyoichuma kwa halali. Lakini hadithi hiyo yamsifu aliyeuawa; haikumpa ruhusa kila mwenye mbuzi kuua. Katika fiqhi ya Imam Shafii tuliyosomeshwa utotoni, mlango wa kumzuia mvamizi una ngazi, na mtu hupanda ngazi moja baada ya nyingine. Akitosheka kwa ukelele, haruhusiwi kupiga. Akitosheka kwa mkono, haruhusiwi fimbo. Akitosheka kwa fimbo, haruhusiwi chuma. Mwizi akikimbia, kumfuata kwa kumdhuru si kujitetea tena. Sasa tuulizane kwa insafu: mtu aliyeamshwa saa nane za usiku na mbweko wa mbwa, mapigo ya moyo yakienda mbio, mkononi mwake kuna chombo ambacho ngazi yake ya kwanza ni ile ya mwisho. Atazipandia wapi zile nyingine?

Kisha iko haki ya jirani. Risasi ya bunduki ya kuwindia iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama wakubwa inaweza kuruka zaidi ya kilomita 3 ikiwa haikuzuiwa na kitu. Kutoka Ruiru hadi Thika ni mwendo wa kilomita 20 hivi, na katika mwendo huo hakuna kilomita 3 zisizo na watu waliolala. Wapo katika nyumba za mawe, wapo katika nyumba za mabati, yupo mlinzi wa kiwanda, yupo mama aliyeamka kumnyonyesha mwanawe. Giza halimwonyeshi mwenye kufyatua ni nani aliye nyuma ya mwizi. Wakulima wa zama za wazungu walipiga risasi kuelekea nyika; yeye atapiga kuelekea mtaa.

Tena sheria ya nchi. Kenya inayo Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na ipo Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Leseni si haki ya kudaiwa. Ni ruhusa anayopewa mtu baada ya kuchunguzwa yeye, sababu yake, tabia yake na akili yake, na inaweza kuondolewa. Mwishoni mwa mwaka 2018 wenye silaha wote wa kiraia waliamriwa wachunguzwe upya. Bunduki isiyo na cheti haina mjadala kwetu. Ni kuvunja ahadi kati ya raia na dola yake, na ni kuiweka familia nzima mlangoni mwa jela. Yeyote anayejaribiwa na bei rahisi ya mlango wa nyuma na aikhofu siku mkewe atakapobisha kituo cha polisi na chakula mkononi.

Tukija katika mkono, hapo pana mambo mawili, jicho na nafsi. Jicho hupimwa, wala si aibu. Roosevelt tuliyemtaja alivaa miwani, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibika. Akachagua bunduki zake na masafa yake kwa kuujua udhaifu wake huo. Nafsi haina miwani. Mtume ametufundisha kwamba mwenye nguvu si ambwagaye mwenziwe katika mieleka, ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Ajiulize mwenye kutaka silaha: mara ya mwisho nilipokasirika, nilirusha nini? Sahani? Simu? Mlango niliubamiza? Mtu arushaye sahani leo, bunduki haitamfanya mpole kesho. Na ajiulize vilevile juu ya huzuni. Zipo nyumba zenye mtu aliyelemewa na madeni au maradhi ya moyo, akatabasamu mchana na kulia usiku. Watafiti wa Marekani, nchi yenye silaha nyingi majumbani, wameonyesha mara kwa mara kwamba penye bunduki ndani ya nyumba, hatari ya mtu kujiua ni kubwa zaidi kuliko pasipo nayo. Wimbi la huzuni huja na kupita. Lipitapo pasipo na bunduki, mara nyingi humwacha mtu hai.

Kisha ndiyo nyumba.

Tulikwenda Ruiru kuwatembelea. Tulikaribishwa kwa kahawa na kaimati, watoto wakatusalimia kwa kutubusu mikono, kisha wakarudi katika michezo yao. Nyumba ni ya vyumba viwili vya kulala na ukumbi. Ndugu yetu alieleza kwa utulivu, na hoja zake hazikuwa za mjinga. Alisema angenunua kasha la chuma, alifunge ukutani, risasi aziweke mbali na bunduki. Tukamsikiliza mpaka akamaliza. Mkewe, aliyekuwa ameketi upande wa pili na binti yake mdogo mapajani, akasema, "Sheikh, naomba kuuliza. Wezi huja shamba, Thika. Sisi twalala hapa, Ruiru. Hiyo bunduki italala wapi?"

Mumewe akasema italala nyumbani, hawezi kuiacha shamba kwa kijana wa kazi.

"Basi itanilinda nini?" akasema. "Mbuzi wako Thika, bunduki iko na watoto wangu. Na ukisafiri, ufunguo utakuwa na nani?"

Ndugu yetu akanyamaza. Nasi hatukuwa na la kuongeza papo hapo, kwa kuwa maneno yale yalikuwa yameikata mada mahali pake.

Tuitazame ile tabia ya chombo tuliyoahidi kuirejea. Katika bunduki ijikokiyo yenyewe, mtu akishafyatua mara moja, risasi nyingine imeingia chembani. Akiuchomoa mkebe wa risasi, akaitazama bunduki, huiona kama iliyo tupu. Si tupu, moja imebaki ndani. Mtu aliyefunzwa hukumbuka kuivuta komeo na kutazama kwa jicho na kwa kidole. Mtu aliyechoka, aliyerudi nyumbani alfajiri baada ya kukimbizana na wezi, aweza kusahau. Na nyumba ya watoto wanne ina vidole arubaini vidogo. Mtoto huyajua mahali zilipo funguo za baba yake kabla baba hajajua kwamba mtoto anajua. Wazazi mnaosoma haya mwalitambua hilo kwa pipi na kwa simu.

Dini yetu imelichukulia jambo hili kwa uzito kabla hazijakuwapo baruti. Tumekatazwa kumwelekezea ndugu chuma hata kwa mzaha. Tumekatazwa kupeana upanga ulio wazi. Apitaye msikitini au sokoni na mishale ameamrishwa azishike ncha zake asije akamparuza mtu. Ikiwa ncha ya mshale imewekewa adabu kiasi hicho, ile inayovuka mitaa mitatu inataka adabu gani?

Sasa swali la mke: je, ana kauli? Tunamjibu kwa Qur'ani. Katika Sura ya Al-Baqara, Mwenyezi Mungu anapozungumzia kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, ameliweka jambo hilo katika kuridhiana na kushauriana kwa baba na mama. Kuachisha ziwa! Jambo ambalo likikosewa leo hurekebishwa kesho kwa uji na maziwa. Basi jambo lisilorekebishika likitokea litakuwaje la mtu mmoja? Baba ni msimamizi wa nyumba, hatulikani hilo. Lakini msimamizi asiyewashauri anaowasimamia huwa amebaki na cheo akaipoteza kazi. Rai yetu ni kwamba silaha haiingii nyumbani ila kwa ridhaa ya mama wa nyumba, iliyotolewa bila ya kutishwa wala kununiwa, na ridhaa hiyo ikiondoka, silaha nayo iondoke. Na mwanamke ambaye mumewe ana ghadhabu au amewahi kumnyanyulia mkono, asilifanye jambo hili kuwa la stara. Awaambie wazee wake. Sheria yampa mwenye kutoa leseni haki ya kuzijua habari hizo.

Hatukumwacha ndugu yetu bila ya njia. Tulimwambia: fikiri gharama ya bunduki, kasha, mafunzo na ada, kisha uitie fedha hiyo kwenye shamba. Akaweka ua wa seng'enge na taa, akalihamisha zizi likawa karibu na nyumba ya kijana wake wa kazi, na akajiunga na majirani wa Thika katika Nyumba Kumi, Waislamu na wasio Waislamu, ambao humpigia simu wanapoona gari lisilojulikana. Akafuga mbwa wawili. Wapo waliomnong'ona kwa mbwa hao, nasi tukawakumbusha kwamba Mtume aliyetukataza kufuga mbwa ovyo ndiye aliyewaruhusu wa kulinda mifugo, wa kulinda mazao na wa kuwinda. Kinachotakiwa ni kuchunga tohara, na hilo halimshindi mtu mwenye maji na udongo. Na kwa kuwa kulenga shabaha anakupenda, tukamwambia kwamba kulenga kumesifiwa katika Sunna, na viko vilabu vya mchezo huo vinavyofuata sheria, ambako silaha na mwalimu vipo na watoto hawapo.

Hatutamficha msomaji gharama ya uamuzi huo. Tangu hapo ameibiwa mbuzi wawili, usiku wa mvua ambao umeme ulikatika. Alitupigia simu asubuhi, sauti yake nzito, na tukajua anataka kutuambia nini. Tukamuuliza, "Watoto wazima?" Akasema, "Wazima, Sheikh, alhamdulillahi." Mbuzi ni mali, na uchungu wa mali ni wa kweli; hatukumwambia asahau. Tulimwambia kwamba wanavyuoni wetu wameweka kanuni, kuondoa madhara hutangulizwa kuliko kuvuta manufaa, na kanuni hiyo huwa nyepesi darasani na nzito zizini. Anayeifuata akiwa zizini ndiye aliyeielewa.

Wala hatudai kwamba jibu hili ni la kila mtu. Yuko mfugaji wa mbali, anayeishi na mifugo yake mahali pasipo na jirani wala polisi wa karibu, mwenye cheti, mafunzo, kasha na mke aliyeridhia. Huyo ana mizani nyingine, na hatumharamishii alichohalalishiwa. Hata yeye tungemshauri bunduki ya komeo la mkono, ambayo humlazimisha mtu kutulia kati ya risasi na risasi. Katika utulivu huo mfupi mtu huweza kuona kwamba kivuli alichokilenga ni cha mwanawe.

Kwa familia zetu zilizo katika mitaa ya Ruiru na Thika, na zilizo katika mitaa ya Mombasa, Malindi na Lamu, ushauri wetu ni huu: msiulize kwanza kama bunduki ni nzuri. Ulizeni itafanya kazi gani, itashikwa na nani akiwa katika hali gani, na italala wapi usiku ambao baba hayupo. Ulizaneni mkiwa wawili, na mwenye hofu kubwa zaidi asemwe wa kwanza kusikilizwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu kwa hifadhi yake isiyolala, atupe riziki ya halali na majirani wema, na atujaalie subira pale riziki inapopungua. Wabillahi tawfiq.